Makabidhiano

Funguo ni tatu, Khatib.
Wa shaba ni wa karakana. Unakwama ukiusukuma;
uinue kidogo, kama unayeamsha mtoto wa watu,
ndipo uzungushe.
Wa pili ni wa kabati la betri.
Wa tatu haufungui kitu. Nilikabidhiwa nao,
na mimi nakukabidhi nao, usiniulize.

Gari yenyewe unaijua:
magurudumu matatu, mgongo wa bomba za maji,
kiti cha pikipiki iliyokufa Vitongoji.
Ukubwa wake haushindi kitanda cha mtu mmoja
na mbio zake, upepo ukiwa nyuma, arubaini.

Waliponichagua nilidhani nitaendesha.
Nikanunua glavu, wallahi, glavu nyeusi,
bado zina karatasi yake.
Nahodha wa timu hii hashiki usukani.
Anashika risiti.
Anahesabu spana saa mbili usiku, ya kumi na tatu haipo,
anapiga simu Wete, anapiga simu Mkoani,
nyumba kwa nyumba kama mposaji,
kumbe Faki kaitia mfukoni kaenda nayo maulidini.
Anajua nani hajala.
Anajua nani kalipiwa ada na nani anamkwepa mhasibu,
nani akinyamaza kakasirika, nani akinyamaza anafikiri.
Mbarouk na Wahida wananyamaza sawasawa;
utachukua mwezi mzima kuwatofautisha.

Hayo utajifunza. Ninalotaka kukwambia ni la daftari.

Lipo juu ya kabati, jalada la kijani, vidole vya grisi.
Kila kinachoharibika huandikwa humo.
Soma kurasa za mwanzo uone lugha yetu ilivyo na huruma:
Spana imepotea. Waya umekatika.
Bolti imelegea. Betri imeungua.
Gari nzima imejiharibu yenyewe,
karakana haina mtu,
vitu vinapasuka na kumwagika
kwa kudra ya Mola.

Kisha fungua ukurasa wa arubaini na moja.
Jumanne ile, mteremko wa Machomane.
Wahida alinifuata asubuhi, mikono imejaa mafuta,
akasema breki ya kushoto inavuja.
Nikasema: kesho.
Nilikuwa na barua ya meli ya kuandika,
turubali la kukodi, wageni wa wizara saa nne,
na nilitaka waione ikitembea.

Ikatembea.
Ilimpitisha Mbarouk mbele ya wageni wakipiga makofi,
ikaacha barabara,
ikaingia shamba la muhogo la Bi Salhina.
Matuta sita iliyaruka.
La saba ndilo lililomvunja mkono.

Usiku ule niliandika: Breki imekatika.
Nikaitazama. Sentensi safi, haina mtu ndani yake.
Nikaipiga mstari.
Nikaandika: Niliambiwa. Nikasema kesho.
Nikatia jina langu, la baba, na la babu.

Usidhani nililala vizuri kwa kuandika vile.
Asubuhi nilikwenda kwa Bi Salhina na jembe begani.
Hakunikaribisha chai.
Alinionyesha matuta kwa kidevu, akaenda zake.

Meli ya Unguja iliondoka bila sisi.
Wapo wasionisalimia hadi leo kwa ajili ya safari ile,
na wana haki yao.

Lakini geuza ukurasa.
Arubaini na mbili, mwandiko wa Faki,
kuku aliyekanyaga wino:
Waya nimeukata mimi. Nilikuwa na haraka.
Sikumwambia kitu. Nilimpa koleo nyengine.

Basi. Tia sahihi hapa. Na hapa.
Glavu zimo kwenye droo, mpe Mbarouk,
mkono wake ushaunga na yeye ndiye anayeendesha.
Na Wahida akikujia asubuhi, mikono imejaa mafuta,
weka kalamu chini.